Mguu wa Kushoto wa Papa Eligio

Mguu wa kushoto wa mzee Eligio Bareiro ulikuwa na mambo mengi kuliko vitabu vyote vilivyopangwa sebuleni kwa binti yake, na aliyeusoma kwa makini kuliko wote alikuwa Clémence, mama wa Kikongo aliyefika kila siku ya kazi saa mbili asubuhi kumwogesha. Watu wa ejensi ya kutunza wazee iliyomtuma walimjua mzee kwa jina na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa juu ya faili. Clémence alimjua kuanzia kidole gumba kwenda juu.

Kidole gumba chenyewe hakikuwa na ukucha. Uling'oka mwaka wa hamsini na tatu mjini Asunción, huko Paragwai, enzi zile fundi viatu alipopigilia meno ya kiatu cha mpira kwa misumari, na msumari mmoja ukaamua kutazama ndani badala ya nje. Juu kidogo, kwenye muundi, palikuwa na kibonde cha kuingiza ncha ya kidole, zawadi ya winga mmoja wa Chile. Goti lilikuwa limeshonwa mara mbili, mara ya pili na daktari aliyekuwa akisikiliza mpira redioni huku anashona. Mzee alisimulia kwa Kihispania kilichochanganyika na Kiingereza cha kiwandani, Clémence akasikiliza kwa Kifaransa alichosoma shuleni, na yale maneno yaliyopotea njiani waliyakamilisha kwa mikono. Ila kwenye kifundo cha mguu, ambapo mfupa ulikuwa umetokeza upande kama umeungwa na mtu mwenye haraka, hakusema kitu. Hapo alimwambia Clémence aendelee tu na kazi.

Alikuwa beki wa kushoto. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kumharibia siku winga wa kulia wa timu nyingine, na kwa kazi hiyo aliitwa timu ya taifa ya Paragwai mara kumi na nne, akiwa kijana wa masharubu membamba na tamaa kubwa. Alisafiri kwa treni, kwa meli za mtoni, na mara mbili kwa ndege iliyomfanya amwahidi Mungu mambo ambayo baadaye hakuyatimiza. Alicheza Lima, Santiago na Montevideo. Alifunga goli moja tu kwa taifa lake, nalo magazeti yakaliandika kwa jina la mtu mwingine, na ukiligusia goli hilo hata leo, mzee akiwa na miaka tisini na miwili, ujue asubuhi yako imekwisha.

Goti lilipomsaliti, Mparagwai mwenzake akamwita Buffalo, kule New York, kulikokuwa na timu ya wafanyakazi wa viwandani: Waitalia, Wapolandi, na yeyote aliyeweza kukimbia kwenye uwanja ulioganda. Jumapili alicheza, siku nyingine alisimama mbele ya mashine katika kiwanda kimoja cha Tonawanda. Mpira ulikwisha baada ya misimu minne, mashine ikaendelea kwa miaka thelathini na mmoja. Pale kiwandani hakuna aliyewahi kumwuliza kama zamani alikuwa mtu mwingine, naye hakujitangaza. Mkewe alipofariki, binti yao wa pekee, Zunilda, mwalimu wa hesabu, akamhamishia kwake Westerville, kaskazini mwa Columbus. Alikuja na sanduku moja na picha moja ya wachezaji kumi na mmoja, kumi kati yao wakiwa marehemu.

Clémence naye alikuwa na safari zake. Alizaliwa Uvira, akakulia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, familia yake ilipokimbia vita. Mama yake alikuwa mkandaji. Wanawake waliojifungua, wazee wenye viuno vibovu, vijana wa timu za kambi walioteguka kwa kucheza mpira kwenye changarawe, wote walipita mikononi mwake: maji ya moto, chumvi, kitambaa, na mkono usio na haraka. Ngozi ikivuta joto hadi ikang'aa, mama alisema damu imetembea, na mgonjwa aliondoka akishukuru. Kazi ya Clémence ilikuwa kubeba ndoo. Ukibeba ndoo miaka minane, ukandaji unaujua hata kama hakuna aliyekufundisha.

Marekani ilimpokea Louisville, Kentucky. Huko alifanya kazi miaka sita katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali, akiyavuta yakitoka kwenye mashine yakifuka mvuke. Mwezi wa kwanza viganja vyake vilijaa malengelenge. Mwaka wa pili vilikuwa vimeshakomaa, akawa anaipua sufuria ya bukari, ugali wa kwao, kwa mikono mitupu, watoto wakimtazama kwa mshangao na yeye mwenyewe akijivuna kidogo. Ni kweli kwamba mazoea hufundisha mengi, lakini pia hunyang'anya, na yakinyang'anya hayatoi taarifa. Mumewe Elie alipopata kazi ghalani Columbus, wakahamia nyumba za kupanga za Whitehall. Clémence akajifunza kuendesha gari huku akisali kwa sauti, akasomea kazi ya kutunza wazee, akapata cheti. Cheti hicho alikitundika juu ya televisheni, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi.

Na mzee Eligio walipatana tangu wiki ya kwanza. Yeye alimwita mzee Papa Eligio, yaani Baba Eligio, kwa maana kwao mtu wa umri ule humwiti kwa jina tupu kama mtoto wa jirani, na mzee alimwita Clemencia. Kitu kimoja tu kilimsumbua Clémence. Nesi alipopita kila mwezi na kumwuliza mzee maumivu yake ni mangapi kuanzia sifuri hadi kumi, mzee alijibu sifuri. Ilikuwa sifuri Januari, sifuri Julai. Nesi aliandika sifuri na kuondoka kwa furaha. Lakini Clémence ndiye aliyemwinua kitandani, na aliona jinsi vidole vyake vinavyobana ukingo wa kiti mpaka vinakuwa vyeupe. Waswahili walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na huyu alikuwa na makovu ya kutosha timu nzima.

Kwa hiyo akafanya ambacho mama yake angefanya. Hakumwomba mtu ruhusa, na hapa sitamtetea: katika mafunzo aliambiwa waziwazi kwamba maji ya kumwogeshea mgonjwa hupimwa kwa kipimo cha joto, na kwamba jambo lolote jipya huulizwa kwanza. Alianza baada ya Krismasi, baridi ilipokaza. Baada ya kumwogesha, alimkalisha, akachovya kitambaa kwenye maji ya moto yenye chumvi, akakikamua, akaukanda ule mguu kutoka gotini kushuka. Mzee alifumba macho na kusema kwamba mkandaji wa timu ya taifa hakuwa na mikono kama hii. Siku hizo alitembea hadi dirishani bila kushikwa. Clémence aliporudi nyumbani alimweleza Elie kwa furaha, kana kwamba ni yeye aliyefunga goli.

Kisha ikaja Jumatatu moja ya Februari, baridi ya kukata masikio. Mzee aliamka mguu umekakamaa kama ubao. Clémence akayafanya maji yawe moto zaidi kuliko siku zote, akapima kwa kiganja, akaona yanafaa. Mara mbili alimwuliza kama ni sawa, na mara mbili mzee akaitikia kwa kichwa. Ngozi ya mzee, nyembamba kama ganda la kitunguu, ikawa nyekundu. Clémence akafurahi moyoni: damu imetembea. Akampaka mafuta, akamvalisha soksi, akaenda zake.

Kesho yake ilikuwa zamu ya nesi, naye alitangulia kufika kabla ya Clémence. Alipovua soksi alikuta lengelenge kubwa kama yai kwenye muundi, na chini yake ngozi imeanza kuchubuka. Mzee alisema si kitu. Zunilda hakukubali kwamba si kitu. Alipiga picha, akapiga simu ejensi, akasema mambo ambayo binti yeyote mwenye baba angeyasema, na kabla ya saa sita mchana Clémence alikuwa ameambiwa asifike tena nyumba ile mpaka kikao cha Alhamisi. Supavaiza wake wa ejensi alimweleza bila kuzungusha: ikionekana amemuumiza mzee kwa uzembe, jina lake litapelekwa kwenye orodha ya watu wasioruhusiwa kumhudumia mgonjwa popote katika jimbo la Ohio. Cheti kile cha juu ya televisheni kingekuwa karatasi.

Na lililomuuma zaidi halikuwa cheti. Alijifungia bafuni, akafungulia maji ya moto, akaweka mkono chini ya bomba. Akasubiri kusikia moto. Kioo kilijaa mvuke, na mkono wake ulikuwa bado unamwambia kwamba maji ni ya vuguvugu. Binti yake mkubwa, Chimène, wa miaka kumi na tatu, alikuja kuuliza kwa Kiingereza kuna nini, akachovya kidole, akakivuta kwa kupiga kelele. Hapo Clémence akaelewa amemfanyia nini Papa Eligio, akakaa sakafuni akalia.

Elie alikuwa mume mwema, na waume wema wana ushauri wao. Jioni ile, baada ya chakula, alimsogezea mkewe kiti.

"Bon, Maman Chimène, sikiliza," alisema kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa. "Unasema tu maji ilikuwa ya vuguvugu. Donc mutu hakukuwa pale, ni wewe na muzee tu. Na muzee hakusema kitu."

"Njo ile inaniuma, Papa Chimène. Hakusema kitu."

"Sasa wewe unataka kujichoma mwenyewe?"

"Mi njo nilimuchoma yeye," Clémence alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alhamisi walikaa sebuleni kwa Zunilda, watu wanne. Supavaiza, mwanamke wa makamo mwenye miwani shingoni, alifungua faili mapajani. Zunilda alikaa wima kama anasimamia mtihani. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, mguu umefungwa bendeji, macho dirishani. Clémence aliombwa aeleze kwanza. Alikuwa amejiandaa kwa sentensi ndefu za Kiingereza, zote zikamkimbia, zikabaki fupi.

"Maji niliweka mimi," alisema. "Kipimo kilikuwa kwenye begi, sikukitoa. Nilipima kwa mkono, na mkono wangu hausikii moto tena. Sikujua mpaka juzi. Nilimuunguza."

Akaiweka mikono yake juu ya meza, viganja juu, waione. Supavaiza aliandika. Zunilda, aliyekuja na hasira ya kutosha watu wanaokana, alikosa pa kuipeleka, akaanza kukunja na kukunjua ukingo wa sweta lake. Supavaiza akauliza kama kuna mwenye la kuongeza kabla hajafunga karatasi zake.

Mzee Eligio akanyoosha mkono juu, kama mchezaji anayemwita refa. Alimwambia binti yake kwa Kihispania atafsiri, neno kwa neno, asipunguze. Zunilda alimjibu kwamba si lazima, apumzike. Mzee hakuushusha mkono.

"Anasema alisikia moto," Zunilda alitafsiri. Akamtazama baba yake. "Anasema alisikia tangu kitambaa cha kwanza."

Supavaiza aliuliza kwa nini, basi, aliitikia kwa kichwa. Mzee akainama, na kwa kidole akakionyesha kile kifundo chake kilichopinda.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, mechi ya kirafiki ugenini, Montevideo. Ijumaa mazoezini alisikia mfupa ukilia kama kijiti. Mkandaji wa timu alimwuliza kama inauma, akasema hapana. Angesemaje ndiyo? Nyuma yake kwenye foleni palikuwa na kijana mwingine, beki wa kushoto hodari, anayengoja jezi, na katika chumba kile anayesema inauma leo, kesho haitwi. Akaufunga mguu kwa kitambaa, Jumapili akacheza. Alivumilia mpaka dakika za mwisho, ndipo winga akampita. Alitaka kugeuka, mguu ukakataa. Mpira ukaingia pembeni mwa kipa, kijana mpole aitwaye Cantalicio, ambaye hakuwa na kosa lolote isipokuwa kusimama mahali alipotakiwa kusimama.

Zunilda alitafsiri haya yote kwa sauti ya darasani, lakini sauti ilizidi kushuka. Baada ya mechi, mzee aliendelea, kocha aliuliza mbele ya wote ni nani aliyemwachia yule winga. Eligio akatazama kamba za viatu vyake. Magazeti yakamla Cantalicio mzimamzima, na hakuitwa tena timu ya taifa. Alikwenda kubeba mizigo bandarini. Miaka miwili baadaye alikuja kwenye harusi ya Eligio, akacheza muziki hadi mwisho, hakuuliza kitu. Amekufa bila kuuliza.

"Anasema," Zunilda alitafsiri, "anasema, nilimwacha kipa alipe mguu wangu. Sasa mnataka huyu naye alipe." Akapangusa pua kwa kiganja. "Anasema, yeye amekosa moja, na mimi nimekosa moja. Andikeni mbili."

Kisha Zunilda aliacha kazi ya kutafsiri, akamgeukia baba yake, akamwuliza swali fupi kwa Kihispania. Clémence hakuhitaji msaada kulielewa, kwa kuwa Kifaransa kililifikisha. Alimwuliza anaumwa tangu lini.

"Tangu kabla hujazaliwa," alisema mzee.

Zunilda akafunika uso. Miaka yote ya Buffalo alikuwa akimwona baba yake akirudi kutoka kiwandani, akikaa ndani ya gari dakika kumi kabla ya kuingia nyumbani, naye utotoni aliamini kwamba anamalizia kusikiliza redio. Alikuwa amekasirika na mama wa Kikongo kwa sababu ya lengelenge moja. Sasa ilimbidi aanze kuhesabu miaka.

Supavaiza hakuwa mtu wa kulia kazini. Alivaa miwani yake, akachukua karatasi nyingine, akamwuliza mzee swali lile lile la nesi: leo, kuanzia sifuri hadi kumi, ni ngapi? Mzee alifikiri kwa muda mrefu, kwa uangalifu wa mtu anayeulizwa jambo hilo kwa mara ya kwanza. Kisha akasema saba.

Jina la Clémence halikupelekwa kwenye orodha. Alipewa onyo la maandishi, akarudishwa darasani siku mbili, akatia sahihi kwamba hatamkanda mgonjwa kwa chumvi wala kwa kitambaa mpaka daktari aseme. Hakulalamika, maana alilistahili. Daktari alimpa mzee dawa ambazo alipaswa kupewa zamani, akasema maji ya vuguvugu yaliyopimwa hayana ubaya. Zunilda ndiye aliyepiga simu ejensi kumtaka Clémence arudi. Kwa Clémence mwenyewe hakupiga. Watu wana namna zao za kuomba radhi, na hiyo ilikuwa ya kwake.

Clémence alirudi wiki ya pili ya Machi na kumkuta mzee amekuwa mtu mwingine, na si mtu rahisi. Mdomo uliofungwa miaka sabini ulikuwa umefunguka, na ulikuwa na kazi ya kufidia. Nyonga nane, alitangaza kabla hata ya salamu. Goti saba. Mgongo ulikuwa tano, ila godoro ni baya, chai ni baridi, na jua la Ohio halina faida yoyote. Zunilda aliyekuwa anatoka kwenda shuleni alimpa Clémence jicho la kuomba huruma, akakimbilia gari lake.

Clémence alijaza beseni, akatumbukiza kipimo, akasubiri namba zitulie. Akapiga magoti, akaupokea mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akauingiza majini polepole.

"Moto," alisema mzee.

Clémence alitazama kipimo. Kilionyesha maji ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto wa siku tatu. Akamtazama mzee usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amekaa ameshika ukingo wa kiti, akingoja kuona kama atasadikiwa.

Akautoa mguu majini, akauweka pajani mwake juu ya taulo. Akachota maji ya baridi kwa kikombe, akaongeza, akaongeza tena, mpaka mzee mwenyewe aliposema basi.